Aliyefika wa Kwanza Kizuizini

Kabla sijasema habari za risasi, mnijue kwanza ninayeandika. Mimi ni Baba Kulwa wa Isaka. Shule niliishia darasa la nne, maana baba yangu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watoto, na mtoto wa kuchunga nilikuwa mimi. Nikatoka machungani nikaenda Geita, nikaingia kwenye duara, lile shimo la wachimbaji linaloshuka mpaka unasahau rangi ya mbingu. Wengi walitoka mle na kikohozi. Mimi nilitoka na dhahabu, dhahabu nikaigeuza lori, na lori likazaa malori. Leo ukifika Isaka, pale bandari kavu ambapo treni inashusha mizigo na sisi tunaipokea kuipeleka magharibi, uliza yadi yenye geti jekundu. Hata mbuzi watakuonesha.

Nayasema haya makusudi. Nataka mtu akisoma namna nitakavyomsifu mwenzangu ajue kwamba kusifu watu si kawaida yangu. Sifa nyingi nilizotoa maishani nimejipa mwenyewe, na nilistahili. Lakini yupo mtu mmoja, Ngasa, ambaye nikikaa peke yangu nikajipima naye, mizani inaelemea upande wake. Sijawahi kulisema hilo hadharani. Leo naliandika.

Siku tuliyoondoka Isaka haikuwa na alama yoyote. Jua lilikuwa jua letu lile la kiangazi, vumbi lilikuwa mahali pake, na makuli walikuwa wanapakia mchele huku wanamwimba mke wa mtu. Siku zile nilikuwa bado naendesha mwenyewe. Nilishika lori la kwanza, Ngasa akashika la pili, na nyuma yetu walikuwapo wenye malori wengine wa Shinyanga, Kahama na Maswa. Tulipenda kusafiri kwa kundi, kama ng'ombe wanaokwenda mnadani.

Ngasa alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa maneno machache. Kwao ni kijiji kimoja upande wa Kolandoto. Mzigo ukishapakiwa hakumruhusu kuli yeyote kufunga kamba. Alipanda mwenyewe juu ya turubai, akavuta, akakaza kwa goti, akafunga fundo lake lile la kufungia ng'ombe mkorofi. Tulikuwa tukisafiri mpaka mwisho wa dunia na kamba haijalegea. Na shingoni, wakati wote, alivaa filimbi ya chuma kwenye uzi wa ngozi.

Asiyetoka kwetu hataelewa ile filimbi, basi nieleze. Zamani wezi wa ng'ombe walitumaliza huku Shinyanga, mpaka wanakijiji wakaamua kujilinda wenyewe. Wakaitwa sungusungu. Silaha zao ni upinde, mshale, filimbi, na mwano. Mwano ni yowe la hatari, mtu analipiga kwa sauti ndefu huku anajigonga mdomo kwa kiganja, likikatikakatika. Ukiusikia mwano, unatoka. Ukiwa unakula, unaacha. Ukiwa unaumwa, utaumwa njiani. Huulizi ni wa nani wala kuna nini, unakimbilia kule unakotokea. Asiyetokea alitozwa ng'ombe, na mbaya zaidi alitengwa. Hapewi moto, hapewi maji, hata akisimama mlangoni kwako na kiu yake. Na kesho yake, kabla watu hawajauliza mwizi alikuwa nani, waliulizana: nani alifika wa kwanza? Jina la huyo lilitembea vijiji na vijiji.

Asubuhi hiyo mke wa Ngasa, Mama Shija, alimletea mumewe michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, imejaa kwenye mfuko wa kitambaa. Nikamtania, maana ni shemeji yangu kwa utani.

"Shemeji, wewe ulimpendea nini huyu mtu? Haongei. Angalau ungenisubiri mimi."

"Nikusubiri wewe ulikuwa wapi, Baba Kulwa? Ulikuwa unachimba mashimo Geita kama panya buku." Makuli wakacheka. "Mimi ng'ombe wa baba yangu walipoibiwa, nilipiga mwano. Kabla sijavuta pumzi ya pili huyu alishafika, na wala hakuwa wa kijiji chetu. Wewe ungefika wa ngapi?"

"Wa kwanza!"

"Kwa mdomo."

Ngasa akacheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Nilipokuwa napanda kwenye usukani Mama Shija akasogea mlangoni kwangu, na utani ukawa umemtoka usoni. "Baba Kulwa, huko milimani wanasema pana vita. Nirudishie mtu wangu."

"Shemeji," nikamwambia, "ukiwa na Baba Kulwa umeshafika."

Ndivyo nilivyokuwa naongea. Ndivyo ninavyoongea mpaka leo.

Njia ya magharibi mnaijua, au kama hamuijui niwaambie tu kwamba tambarare yetu inaisha. Sisi watu wa Shinyanga tumezoea kuona mvua ikija kutoka mbali, tukapata muda wa kuanua nguo. Kule huoni kitu. Barabara inajizungusha kwenye mlima kama chatu, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine hewa tupu, na chini kabisa kijito kinachong'aa kama sindano. Nchi zenyewe sitazitaja. Mpaka ule si wetu, ni wa majirani wawili, sisi tulikuwa tunapita tu na mzigo. Walio hai bado wanaishi pale, na mimi bado napeleka mchele.

Juu kabisa, kwenye shingo ya mlima, palikuwa na kizuizi. Ni bomba la chuma lililopakwa rangi, magunia ya mchanga, kibanda cha mabati cha walinzi wa mpaka, na ng'ambo ya barabara kibanda cha mbao cha Mama Riziki. Mama huyo aliuza chai ya maziwa na maharage mekundu matamu kuliko nyama. Malori yalisubiri chini kidogo, kwenye uwanja ambao barabara inapanuka, mpaka yaitwe moja moja kupanda. Juu ya kizuizi ulianza msitu wa mianzi, na ndani ya msitu huo, kila mtu alijua, walikuwamo waasi.

Mkuu wa walinzi pale alikuwa Sajenti Deo. Mfupi, mweusi tii, masikio madogo. Safari ya kwanza nilipofika kwake nilijaribu kumlainisha kwa maneno, maana maneno ndiyo mafuta yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande."

"Wewe mutu wa Tanzania unaongea kama redio. Fungua turubai."

"Afande, ni mchele. Mchele wa Kahama. Harufu yenyewe..."

"Fungua."

Alifungua kila lori, kila safari, mvua au jua. Alipanda mwenyewe akachoma gunia kwa kifimbo. Madereva walimchukia. Mimi nilimchukia zaidi. Ngasa peke yake ndiye aliyekuwa anafungua turubai kabla hajaambiwa, na kulifunga tena bila kunung'unika. Nilipomlaumu aliniambia, "Huyu analinda. Mtu anayelinda usimharakishe." Na kweli, silaha zilikuwa zinapita kwenye mizigo ya watu katika mipaka mingine, na waasi wanazipata. Kwa Deo hazikupita. Ndiyo maana walikitaka kile kizuizi. Wangekishika, barabara yote ingekuwa yao, pamoja na kila lori lililosimama chini.

Safari hiyo tulifika tukakuta ukungu. Asubuhi kulipokucha tulikuwa tumekaa kwenye uwanja, mtu akinyoosha mkono haoni kucha zake vizuri. Jilala, dereva wa Maswa, mtu mwenye tumbo la kutosha watu wawili, alikuwa amewasha jiko la mkaa chini ya tela. Ngasa alikuwa anagonga tairi kwa nondo, moja moja, anasikiliza. Mimi nilikuwa nasimulia habari zangu za duara, namna nilivyoshuka peke yangu baada ya wenzangu kukimbia maji.

"Hiyo umesimulia jana," Jilala akasema.

"Jana sikuimaliza."

"Jana uliimaliza mara mbili, Baba Kulwa. Ukapata dhahabu, sisi tukapata usingizi."

Mlipuko ukatukatisha.

Wapo waliodhani ni mafundi wa barabara wanapasua mwamba. Mimi nimekaa na baruti, naijua. Baruti ya kupasulia mawe ina tumbo, inanguruma kwanza ardhini. Huu ulikuwa na meno. Kabla haujaisha kurudi kutoka mlima wa pili, risasi zikaanza juu kwenye kizuizi.

Nikasema, "Hiyo si kazi. Hiyo ni vita."

Kutoka kwenye ukungu akatokea mlinzi mmoja, anateremka mbio, kofia haina, damu imemchirizika kwenye sikio. "Mashofere! Mushuke bondeni! Muache magari, mushuke!"

Akatuambia huku anahemahema kwamba wenzake wawili wameshaanguka. Deo amebaki peke yake kwenye magunia ya mchanga. Amri ya Deo ni kwamba raia waondoke. Alipomaliza kusema hivyo akageuka. Nilimwona kwa macho yangu. Mtu aliyekuwa ameshatoka, ameshapona, aligeuka akapanda tena kule alikotoka.

Madereva wa mataifa mengine wakashuka bondeni, na walifanya la akili, simlaumu mtu. Na sisi tukaanza kushuka. Ngasa alikuwa mbele yangu kidogo, nondo bado mkononi.

Ndipo tukasikia.

Sauti ya mwanamke, ndefu, inakatikakatika.

Ilikuwa ya Mama Riziki. Kibanda chake kilikuwa katikati, walinzi huku, waasi kule, na mbao zake zisingezuia hata jiwe.

Watu wa milima ile hawana mwano kama wetu. Yule mama alikuwa anapiga ukunga tu, na hofu ndiyo iliyokuwa inamkata sauti. Lakini masikioni mwetu ulikuwa mwano kamili, kama umepigwa Kolandoto.

Ngasa akasimama.

"Ngasa," nikamwita. "Ngasa! Huo si wa kwetu!"

Alikuwa ameshatia filimbi mdomoni. Akaitoa, akaniangalia bila hasira, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mwano hauna kwao," akasema.

Akapuliza, akakimbia kupanda.

Nimeona watu wengi wakikimbia maishani. Nimeona watu wanakimbia duara linapoporomoka, wanakimbia polisi, wanakimbia wake zao. Wote walikuwa wanakimbia kuondoka. Mtu anayekimbilia risasi, mikononi ana nondo ya kugongea tairi, nimemwona yule tu.

Kisha nikaona tumbo la Jilala likinipita.

Jilala, ambaye kushuka kwenye lori lake ilikuwa lazima akae kwanza apumzike. Alikuwa anapiga mwano kwa kiganja, na mkononi ana spana ya magurudumu.

Mimi nikawa wa tatu.

Nyuma yangu wakaja watu wa Shinyanga, wa Kahama, wa Maswa. Hakuna aliyetuamuru. Wengine walikuwa na filimbi zao, zimelala mifukoni miaka na miaka. Mmoja akapanda kwenye lori langu akashikilia honi asiiachie. Mlima ukajaa filimbi, honi na mwano, na ukungu ukazichukua sauti ukazirudisha mara kumi.

Nilikuwa sioni mtu. Nilikuwa nasikia tu filimbi ya Ngasa mbele, inazidi kwenda.

Risasi zikapita juu. Zinalia kama nyuki aliyekosea njia.

Nikafika.

Jilala alikuwa anatoka kwenye kibanda, amembeba Mama Riziki begani kama gunia. Mama ana damu mguuni, bado anapiga ukunga. Ngasa ndiye aliyekuwa ameingia, akamtoa chini ya meza, akampokeza Jilala mlangoni. Hakumfuata. Alivuka barabara.

Deo alikuwa amelala nyuma ya magunia, bega limefunguka, bunduki ameishika kwa mkono wa kushoto. Pembeni yake yule aliyegeuka kutoka kwetu alikuwa anapiga risasi moja moja, kwa kubana.

Ngasa akamshika Deo kwapani.

"Rudi!" Deo akamwambia. "Wewe shofere, rudi, hii haikuhusu!"

Ngasa akakaza mshiko. Akamvuta.

Nikashika upande wa pili.

Tulikuwa tumetoka kwenye magunia, tumefika katikati ya barabara, na kule juu kwenye mianzi risasi zilianza kupungua. Zilikuwa zinarudi nyuma, hata mimi nilisikia. Nikaanza kufurahi.

Upande wa Ngasa ukawa mzito.

Akakaa barabarani, taratibu, kama mtu aliyetoka shambani. Akaweka mkono kifuani, akautazama.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko kwa Jilala," nikamwambia. "Mzima."

"Haya."

Akalala ubavu. Filimbi ilikuwa imeshika kwenye kola ya shati lake.

Ukungu ulipoinuka walinzi wa kituo cha pili walishafika, na waasi walishapotea msituni. Walikamata mmoja aliyeumia, na Deo mwenyewe alinieleza baadaye alichosema yule mtu. Alisema walikuwa wengi, wenye silaha nzuri, na kizuizi kingekuwa chao ndani ya dakika chache. Kisha wakasikia filimbi kutoka chini, wakaona kwenye ukungu vivuli vya watu vinapanda kuja kwao, vinapiga kelele, havina hofu. Wakajua ni jeshi. "Raia hakimbilii risasi," alisema. Basi wakarudi nyuma, na mmoja wao akamwaga risasi za kuagia.

Nami nilicheka nilipoelezwa hivyo, nikacheka huku nimeshika uso. Jeshi! Jilala na tumbo lake. Mimi na ndala moja, nyingine ilibaki huko mteremkoni.

Niwataje na wale walinzi, maana wanastahili. Walikuwa wanne juu pale, na mshahara wao, waliniambia wenyewe, ulikuwa unachelewa mpaka wanausahau. Wawili walikufa mahali walipoambiwa wasimame. Majina yao nayajua, nimewafundisha wanangu. Deo alikaa kwenye zahanati ya chini ya mlima, na kabla bega halijashonwa vizuri alirudi kizuizini, mkono umefungwa shingoni. Nilikuwa namchukia kwa turubai. Siku hizi nikipita kizuizi ambacho mlinzi hafungui turubai langu, namdharau.

Mchele wangu niliushusha kwenye ghala pale pale mpakani. Nikatoa magunia ya matanga, ya walinzi na ya wanakijiji, sikuhesabu. Walinzi walilitengeneza jeneza wenyewe, kwa mbao nzito za mlima. Wakalipandisha kwenye lori langu wakiwa wamevaa sare, viatu vimepigwa rangi, wakiongozwa na yule aliyegeuka. Deo mwenyewe ndiye aliyeshughulikia karatasi za kumvusha marehemu.

Tulipokuwa tayari kufunga turubai, Deo alitusogeza pembeni. Jilala akamwambia, "Afande, una mkono mmoja."

"Ninao mmoja, na iko meno."

Akapanda. Akafunga kamba zote kwa mkono wa kushoto na meno, anazunguka lori lote, sisi tumesimama tunamtazama. Alichukua muda. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza akaenda kwenye bomba la kizuizi akaliinua mwenyewe, akabaki ameshikilia juu mpaka lori langu likapita lote, na kwenye kioo nilimwona bado ameliinua, na barabarani hakuna gari jingine.

Watu wameniuliza sana juu ya jambo hili. Shemeji yangu mmoja wa Kahama, tuko baa moja upande wa Buzwagi, aliniambia, "Huyo rafiki yako alikufa kwenye vita vya watu." Mimi siyo mtu wa kukosa jibu, mnajua. Siku hiyo nilikaa na glasi yangu kwanza. Alikuwa amesema kweli. Vita havikuwa vya Ngasa. Shija na wadogo zake wamekua bila baba, na ingawa nimewasomesha wote, na wamesoma kunishinda mara nyingi, hakuna ada inayofunga kamba wala inayocheka bila sauti. Hilo ni hasara, na hasara haina jina lingine. Nikamjibu shemeji, "Vita vilikuwa vya watu. Mwano ulikuwa wake." Nikalipa bia zangu nikaondoka.

Mama Riziki anachechemea mpaka leo, na chai yake ni ile ile. Kila anapovuna maharage anampa dereva yeyote wa Isaka mfuko, anasema ni wa mke wa yule mtu wa filimbi. Mama Shija naye hurudisha michembe. Hawajawahi kuonana. Mara ya kwanza Mama Riziki alipika ile michembe ikabaki kama kuni, haikuiva, akatuma salamu kuuliza ni dawa au chakula. Mama Shija alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu siku ile niliyomrudishia mtu wake.

Siku hiyo nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Kutoka milimani mpaka tambarare yetu, nilikuwa naongea peke yangu kwenye usukani, nachagua. Mimi mwenye mdomo, nilisema, nitashindwaje.

Nilipoingia kijijini, Mama Shija alikuwa uani anaanika mpunga kwenye mkeka. Alisikia lori, akajua ni langu, akanyanyuka anatabasamu, akafuta mikono kwenye kanga. Nikazima injini, nikashuka. Yeye hakunitazama mimi. Alikuwa anazitazama kamba.

Alizitazama kutoka mwanzo wa tela mpaka mwisho. Mafundo ya Deo, makubwa, yamepinda, yenye alama za meno.

"Kamba hizi hakufunga yeye," akasema.

 Nilisimama pale, mwanamume mzima, mwenye malori, na nikashindwa hata kumwamkia.

Majirani walianza kusogea. Yeye akabaki amesimama, mkono mmoja umeshika upindo wa kanga.

"Ulikuwa nini? Mwano?"

"Mwano."

Hakuuliza ulikuwa wa nani. 

"Alifika wa ngapi?"

"Wa kwanza," nikasema. "Shemeji, alifika wa kwanza. Hakuna aliyemkaribia."

Akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua siku zote. Machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti ilikuwa bado yake.

"Na wewe, Baba Kulwa?"

Maisha yangu yote sijawahi kuwa wa tatu kwa jambo lolote nikalitangaza.

"Wa tatu," nikamwambia. "Nyuma ya Jilala."

Alinitazama uso, akanitazama miguu. Kisha akageuka akaingia ndani. Wanawake wakadhani amekwenda kuanguka, wakamfuata. Hakuwa ameanguka. Alitoka na kata ya maji, imejaa mpaka mdomoni, amebeba kwa mikono miwili ili yasimwagike, akavuka ua mbele ya watu wote, akaniletea.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikanywa yote.